Nafasi ya Mlevi Imejaa

Nchi yetu ina jina zuri sana, lakini sitalitaja, kwa usalama wake na wangu. Ukiona inafanana na nchi unayoijua, basi macho yako yamechoka, kalale kidogo. Mimi ni raia mwema. Wimbo wa taifa ukipigwa nasimama, hata kama unapigwa kwenye redio ya jirani. Mipango ya serikali yetu huwa naielewa nikishaelezwa vizuri, na nisipoielewa napiga makofi kwanza, halafu naendelea kuielewa nikiwa nyumbani. Hili la walevi lilinichukua muda kidogo.

Lilianza pale Waziri wetu wa Kiasi, Mheshimiwa Dakta Gaudensi Mpambalioto, alipokwenda ng'ambo kwenye mkutano wa kufuatilia mwenendo wa ulevi duniani. Huko kila nchi ilitundika mchoro wake ukutani. Michoro ya wenzetu ilijaa milima na mabonde: hapa pombe imepanda, hapa bangi imeshuka, hapa vidonge vimeanza kuingia, hapa sikukuu. Mchoro wetu ulikuwa mstari mmoja, umelala chini kabisa kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kosa halikuwa la Waziri. Wahesabuji walikuwa wamepita nyumba hadi nyumba wakiuliza, "Humu ndani mna mlevi?" Kila nyumba ikajibu, "Humu hamna, labda kwa jirani." Jirani naye akajibu hivyo hivyo, na jirani wa jirani, mpaka wahesabuji wakafika mpakani, ambako mwenye nyumba ya mwisho aliwaonyesha kwa kidole nchi ya pili. Kwa hiyo ikathibitika kitaalamu kwamba sisi hatuna mlevi hata wa dawa, ingawa kiwanda chetu cha bia kilikuwa kinafanya kazi usiku na mchana na kimeomba kiwanja cha kujipanua.

Wajumbe wa mkutano wakampigia Waziri makofi ya huruma. Mmoja akamwuliza kwa upole kama nchi yetu ina watu.

Jamani, Mheshimiwa alirudi amevimba. Hakungoja hata kufika ofisini, alihutubia pale pale uwanja wa ndege, mizigo yake ikiendelea kuzunguka bila mwenyewe.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Taifa lisilowajua walevi wake ni taifa lisilojijua! Tumeaibika mbele ya mataifa kwa kukosa hata bonde! Sasa basi, kuanzia leo, kila nyumba kumi zitatoa mlevi mmoja. Si zaidi, si pungufu! Mlevi huyo atapimwa, atafuatiliwa na atatunzwa kwa gharama ya serikali, ili mwenendo wetu uwe wa kisayansi!"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Ikaundwa Tume ya Taifa ya Kufuatilia Mwenendo wa Ulevi, ikazinduliwa katika hoteli kubwa, kwa hafla iliyochelewa kwisha kwa sababu baadhi ya makamishna walishindwa kuyatambua magari yao.

* * *

Mimi nakaa mtaa wa Mabanzi. Balozi wetu, yaani kiongozi wa nyumba kumi zetu, ni Mzee Tindwa, mtu anayependa mikutano kuliko chakula. Agizo lilipofika alitukusanya uani kwake, akasafisha koo.

"Serikali inataka mlevi," alisema. "Haya, tumtoe nani?"

Wote tukatazama chini. Mmoja akaanza kuchunguza kucha zake, mwingine akaona ni wakati mzuri wa kumfunga mtoto vifungo vya shati. Maana mlevi wetu alikuwa pale pale katikati yetu, amekaa kwenye benchi alilolitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, amelala, kofia imemwangukia magotini, ananuka gongo hadi kuku wanapita mbali. Huyo ni Fundi Ngwali, seremala. Zamani, mlango wa Fundi Ngwali ulikuwa ukiufunga unafungika kimya, unajiuliza kama umefunga kweli. Lakini sasa watu waliokuwa wamempa mbao zao walikuwa wanazifuata moja moja kwa aibu, wakijifanya wamepita kumsalimia.

Pembeni yake alikaa mkewe, Bi Hadia, amemshika bega asianguke.

"Amechoka," alisema Bi Hadia. "Kazi zimekuwa nyingi."

"Pole yake," tukajibu wote. "Kazi nyingi, kweli."

Ndivyo tulivyo. Kwetu mtu akilewa, amechoka. Akianguka mtaroni, ameteleza. Akimtukana imamu, malaria imempanda kichwani, na imamu mwenyewe atakuwa wa kwanza kumtafutia panadoli. Asiyejua kumsitiri mwenzake hawezi kuishi Mabanzi hata mwezi. Sasa nani angesimama amtaje mume wa mtu, mbele ya mkewe, mchana kweupe?

Aliyetuokoa ni Bi Stumai, mkunga mstaafu, mama aliyetuzalisha nusu ya mtaa na ambaye hata togwa likichacha kidogo anamwaga.

"Tushike zamu," alisema.

"Zamu ya nini, Bi Stumai?"

"Ya ulevi! Kisima tunateka kwa zamu. Msibani tunapika kwa zamu. Wagonjwa tunawakeshea kwa zamu. Ulevi una nini hata ushindikane? Kila mtu atakuwa mlevi kidogo, mzigo hautamwelemea mmoja."

Lo! Mkutano ulilipuka kwa furaha. Sidhani kama kuna watu wengine duniani wangelifikiria jambo hilo, na mpaka leo nikilikumbuka najisikia fahari. Na kwa kuwa wazo lilikuwa lake, Bi Stumai akapewa zamu ya kwanza.

Akaja afisa wa Tume, Bwana Leopoldi Kisanga, mrefu, amevaa suti ya kaki na miwani myeusi, na kifaa cha kupulizia mfukoni. Bi Stumai akapuliza. Kifaa hakikuonyesha kitu. Bwana Kisanga akakitikisa, akakipiga kwenye goti, akamwambia apulize tena. Bado hakuna kitu.

"Hali ni mbaya," akasema Bwana Kisanga kwa huzuni. "Kifaa kimezidiwa."

Basi Bi Stumai akapelekwa Nyumba ya Afueni, kule kilimani, ambako serikali ilikuwa imejenga kituo cha kuwatunza walevi waliotambuliwa. Alirudi mashavu yamejaa. Kumbe huko kuna kitanda cha shuka jeupe, uji wa maziwa, mchuzi wa samaki na mshauri anayekaa mbele yako akuulize, "Mama, usiku unapata usingizi?" Bi Stumai alilala macho na wajawazito maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo. Alituambia alilia mpaka mshauri akaandika kwamba ugonjwa ulikuwa umekomaa.

Toka hapo zamu ikagombewa. Watu walipishana asubuhi kwa Mzee Tindwa kuulizia lini watakuwa walevi. Mwalimu wa kwaya alitaka ya kwake isogezwe iwe kabla ya Pasaka, apumzishe sauti.

Na wale ambao zamu yao haijafika? Hao serikali iliwahoji, ikawahesabu kuwa raia wakavu, yaani wasiokunywa, ikawavisha ukanda wa kijani begani. Fundi Ngwali ndiye aliyepata alama nyingi kuliko sote. Alipohojiwa alikuwa amelala, hivyo hakukiri lolote wala hakumkatiza afisa. Akatunukiwa Ukavu Daraja la Kwanza, akapelekwa shuleni kuwapa watoto nasaha.

Alisimama mbele ya gwaride ameukumbatia mlingoti wa bendera kwa mikono miwili. "Wanangu," alisema. "Wanangu, mimi..." Halafu machozi yakaanza kumtoka, yakaendelea kutoka, na neno la pili halikuja. Mwalimu mkuu akawaambia watoto kwamba mgeni ameguswa na uzalendo. Watoto wakapiga makofi. Sisi tuliokuwa nyuma tulicheka hadi tukashikana mabega, isipokuwa Bi Hadia, ambaye alikwenda kumbandua mumewe kwenye mlingoti, kidole kimoja kimoja, akamshika mkono wakaenda nyumbani.

* * *

Kesho yake asubuhi, kabla hajanywa, Fundi Ngwali aliketi kitandani akamwambia mkewe, "Hadia, nataka kuacha."

Bi Hadia alikuwa anafunga kanga. Alisimama hivyo hivyo.

"Nimejaribu peke yangu, wewe hujui," akaendelea. "Ikifika saa nne mwili unatetemeka mpaka naogopa nitakufa. Nikinywa kidogo natulia, halafu kile kidogo hakiwi kidogo. Nipeleke kule kilimani. Nipeleke leo, kesho nitakuwa nimebadili mawazo."

Bi Hadia hakungoja hata chai. Alikwenda mbio ofisi ya Tume, akamkuta Bwana Kisanga anapaka rangi mchoro wa mkoa.

"Bwana afisa, shikamoo. Nimeleta mlevi."

"Marahaba, mama. Wa nyumba kumi zipi?"

"Za Mzee Tindwa, Mabanzi. Ni mume wangu. Yuko hapo nje, ameegemea ukuta."

Bwana Kisanga akachungulia dirishani, akamtazama Fundi anavyotetemeka, kisha akakaa na kutabasamu kwa subira kubwa.

"Mama, hapo Mabanzi nafasi ya mlevi imejaa. Yuko mwalimu wa kwaya."

"Mwalimu wa kwaya hanywi, baba."

"Kisayansi, anakunywa."

"Na huyu mume wangu anayekufa hapo nje?"

"Huyo ni Mkavu wa Daraja la Kwanza. Tafadhali, mama, tusichafue jina la mtu." Akashusha sauti, akawa kama anamwonea huruma kweli. "Elewa. Nikiandika wawili, Mabanzi itapanda. Mabanzi ikipanda, mkoa utapanda. Mkoa ukipanda, taifa litakuwa limelewa kuliko lilivyopangiwa, na Mheshimiwa ameshachapisha kalenda yenye mchoro. Mngoje zamu yake."

"Zamu yake itafika lini?"

"Hilo ni suala la mtaa wenu. Serikali haiwezi kuingilia demokrasia."

Bi Hadia alitoka. Mumewe hakuwepo ukutani. Alimkuta jioni, ameteleza mtaroni.

* * *

Siku ya pili yake palikuwa na mkutano uani kwa Mzee Tindwa. Ajenda ilikuwa zamu inayofuata, ambayo ilikuwa ya Mzee Tindwa mwenyewe. Alikwisha nunua kandambili mpya za kwenda nazo kilimani, na begi lake lilikuwa mlangoni.

Bi Hadia akasimama. Hakusubiri aitwe.

"Jirani zangu," alisema, "mume wangu ni mlevi."

Mwanamke mmoja akasema haraka, "Amechoka tu, shoga yangu."

"Hajachoka! Ni mlevi. Mnajua, na mimi najua kwamba mnajua. Mnapomwokota mnaniletea mlango wa nyuma, mnaniambia kateleza. Mmenisitiri miaka yote hii na mimi nawashukuru, Mungu anawaona. Lakini sasa basi. Mnavyonisitiri ndivyo ninavyomzika. Jana ameniomba mwenyewe nimpeleke, nikaambiwa nafasi imejaa. Imejaa watu wazima na afya zao, wamekwenda kunywa uji!"

Alipolitaja neno "uji" akakaa. Nikaona aibu mpaka masikio yakawa ya moto, na nilipotazama pembeni nikaona sikuwa peke yangu. Bi Stumai alikuwa amejifunika uso kwa upande wa kanga.

Mzee Tindwa alikitazama kile kibegi chake mlangoni. Akazitazama kandambili miguuni mwake. Akazivua polepole, akavuka ua peku, akaziweka mbele ya Fundi Ngwali aliyekuwa amejikunja kwenye benchi.

"Vaa," akasema. "Kule sakafu ni ya saruji, ina baridi."

Hatukungoja gari la Tume. Tulimpeleka sisi wenyewe, mtaa mzima, mwalimu wa kwaya akishuka kilima na sisi tukipanda, tukakutana njiani akamwachia Fundi nafasi kwa kumshika mkono. Na kwa mara ya kwanza tangu ianzishwe, Nyumba ya Afueni ikapokea mtu anayekunywa. Tulisikia baadaye kwamba wauguzi waliduwaa, wakaenda kutafuta kile kitabu cha mafunzo.

Alikaa huko muda mrefu kuliko sisi sote. Usiku wa mwanzo, tuliambiwa, alipiga kelele. Bi Hadia alikuwa anapanda kilima kila siku kumwona, na akirudi hatukumwuliza kama mumewe amepumzika. Tulimwuliza, "Amekunywa?" Naye alikuwa anajibu, "Hajanywa." Mazungumzo mafupi, lakini kila mtu alikwenda kulala na nafuu.

Aliporudi alikuwa amekonda, macho meupe, na kelele za randa zikaanza tena kusikika Mabanzi asubuhi. Watu wakarudisha mbao zao, safari hii mlango wa mbele.

* * *

Haya, mimi nilidhani kisa kimeishia hapo. Nilisahau kwamba nchi yetu ina takwimu.

Asubuhi moja gari la Tume likasimama mbele ya karakana ya Fundi Ngwali. Akashuka Bwana Kisanga, suti ile ile ya kaki, mkononi ana mfuko wa karatasi. Sisi majirani tukasogea, maana gari la serikali kwetu halipiti bila watu kusogea.

"Fundi, hongera kwa kupona," alisema. "Sasa kuna tatizo dogo. Wewe ndiye mlevi wa kweli wa kwanza kupimwa nchini. Kifaa kilifanya kazi! Mheshimiwa alifurahi sana, akaagiza uandikwe kuwa mlevi wa kudumu wa Mabanzi, zamu zifutwe. Ukaingia kwenye mchoro. Sasa umeacha, kwenye mchoro pamekuwa na shimo. Na wiki ijayo Mheshimiwa anakwenda nao ng'ambo."

"Sasa mnataka nini, bwana?" aliuliza Bi Hadia, kikombe cha chai mkononi.

"Kidogo tu, mama. Kwa ajili ya kipimo. Mheshimiwa akirudi, anaweza kuacha tena."

Akatoa chupa kwenye mfuko, akaiweka juu ya meza ya kupigia randa. Ilikuwa na muhuri wa serikali, ila muhuri umekwisha kufunguliwa na chupa haikujaa.

"Imepungua njiani," Bwana Kisanga akaeleza. "Joto."

Fundi Ngwali aliitazama ile chupa. Aliitazama kwa namna ambayo sitaki kuiona tena kwa mtu ninayempenda. Randa ilikuwa bado mkononi mwake, na nikaona anaiweka chini, taratibu, na mkono ukabaki mtupu juu ya meza, karibu na chupa. Chai ya Bi Hadia ilikuwa inamwagika kwenye kanga yake bila yeye kujua.

"Mlevi ni mimi!" ikasikika sauti.

Alikuwa Bi Stumai. Alijipenyeza mbele ya watu, akayumba upande wa kulia, akakumbuka, akayumba na upande wa kushoto.

"Mimi ndiye! Nimekunywa tangu alfajiri! Nishikeni jamani, nitapigana!" Kisha, kwa sababu ya malezi yake, akaongeza, "Samahanini."

"Muongo huyo, ni mimi!" akadakia Mzee Tindwa. Akajitupa chini kwenye vumbi la mbao, lakini kwanza akatandika leso. Mwalimu wa kwaya akaanza kuimba ovyo, akashindwa, akajikuta anaimba vizuri. Mimi nami nikaukumbatia mlango mpya wa Fundi nikauita mchumba. Muda si mrefu nyumba kumi zote zilikuwa zinapepesuka pale karakanani, mama wa watu wanatukana matusi wanayoyajua, yaani "mjinga" na "wewe." Katikati ya vurugu hiyo Bi Stumai akaichukua chupa mezani, akaimimina yote kwenye vumbi la mbao.

Bwana Kisanga alivua miwani. Aligeuka huku na huku.

"Wote?" aliuliza. "Haiwezekani! Nitaandika nini mimi? Hakuna mzima hata mmoja hapa wa kunithibitishia?" Macho yake yakamwangukia Fundi Ngwali, aliyesimama peke yake nyuma ya meza. "Wewe! Sema mbele ya hawa. Wewe ni mlevi au si mlevi?"

Tukaacha kupepesuka.

"Ni mlevi, bwana," alisema Fundi Ngwali. "Ila leo sijanywa."

"Hilo halimo. Ni ama hili ama lile."

"Mimi nina yote mawili."

"Na kesho?"

"Kesho sijaifikia."

Bwana Kisanga alitazama vumbi la mbao pale lilipolowa, harufu inapanda na joto la asubuhi, akameza mate. Bila ile miwani macho yake yalikuwa mekundu, na chini ya macho ngozi imevimba. Tulimtazama, na nadhani sote tuliona kwa pamoja, na kwa mazoea yetu ya Mabanzi mtu mmoja nyuma yangu akaanza kunong'ona, "Amechoka, safari nde..." Bi Hadia akamgeukia, mnong'ono ukaishia hapo.

Afisa aliketi kwenye ukingo wa benchi. Aliuliza kwa sauti ndogo, kama hataki Tume imsikie.

"Ile asubuhi ya kwanza, Fundi. Uliipitishaje?"

Fundi Ngwali akazunguka meza, akapangusa benchi kwa kiganja, akaketi karibu naye.

"Hadia," aliita, "mletee afisa chai." Kisha akamwambia, "Sogea hapa, ndugu yangu. Asubuhi yenyewe ni ndefu, na sikuipitisha peke yangu."